Betri ya Mtoto

Baba mkwe wangu alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani. Ile saa ilikufa mwaka uleule. Alichotoka nacho kazini kikadumu ni vitu viwili alivyovibeba mwenyewe: bomba la kioo lenye kibofu cha mpira juu na boya dogo ndani, na daftari gumu lenye mistari ya bluu.

Alifanya kazi kwenye jengo la simu, zile simu za zamani za waya. Orofani walikaa wanawake waliounganisha watu, wakasikia ndoa na misiba na ugomvi wa watu wazima. Yeye alikuwa chini, kwenye chumba cha betri. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja ambalo halikufungwa hata siku moja, mvua inyeshe isinyeshe, kwa sababu betri zikijaa hutoa hewa mbaya. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kila asubuhi na lile bomba, anafyonza maji makali ya betri kidogo, anatazama boya limeelea kwenye namba gani, anaandika. Boya likiwa juu, betri imeshiba. Likizama, ina njaa.

"Umeme wa mjini ulikuwa unakatika, simu hazikatiki," huwa anasema. "Watu walikuwa wanashangaa kwa nini. Mimi ndiye kwa nini."

Nilipoolewa kwenye nyumba hii niliikuta karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: WANAOKULA. Chini yake vitu vyote vya nyumbani vinavyotumia umeme, na kila kimoja kinakula kiasi gani. Nikadhani ni orodha ya wageni. Baba akanipitisha kwenye ile karatasi kama mtu anayemtambulisha mkwe kwa ukoo.

"Huyu pasi ni mlafi, huyu usimkaribishe kabisa. Friji si mlafi sana ila hamalizi kula, anakula mchana na usiku. Taa hizi ndogo ni wageni wastaarabu. Mtu wa hivi unaweza kukaa naye mwaka."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele pale mezani. Akasema bila kuinua kichwa, "Na wewe umo namba ngapi humo?"

Kwenye kona ya chumba cha mbele, karibu na dirisha, alikuwa na betri moja kubwa juu ya kipande cha mbao, waya umepanda hadi kwenye sola juu ya bati, na pembeni inveta, lile boksi linalogeuza umeme wa betri uwe wa kuchomeka vitu vya nyumbani. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikuwa anazima swichi kuu ya nyumba asubuhi, umeme upo, hauna tatizo lolote, nasi tukaishi kwa betri mpaka Jumapili asubuhi. Aliita siku ya majaribio. Alisema siku umeme utakapoondoka moja kwa moja, nyumba nyingine zitaanza kujifunza, sisi tutakuwa tunajikumbusha tu.

Majirani walituona vichekesho. Fundi cherehani tunayepakana naye ukuta alikuwa akiona hatuna umeme, anapaza sauti kutoka barazani kwake.

"Mzee! Huku kwetu upo! Lete kikombe nikukopeshe!"

"Kunywa wako mapema, mwanangu, usije ukapoa," baba anamjibu, na huku ameinama anafuta vumbi kwenye betri.

Mama mkwe alikuwa hacheki. "Tumehamia tena porini," anasema, anachukua jiko lake la mkaa anatoka nje.

Mimi nilikuwa mgeni, na ukweli ni kwamba nilizipenda zile Jumamosi. Nyumba ilikuwa inatulia, watu wanasikilizana.

Halafu akazaliwa binti yangu. Babu yake alimtazama siku ya kwanza, akasema huyu amekunja uso kama meneja wetu, na toka siku hiyo jina lake likawa Bosi. Alipofika miezi tisa kifua kikaanza kumbana. Kilikuja chenyewe bila mafua wala homa, mtoto anapiga mluzi anapovuta pumzi na ngozi ya mbavuni inaingia ndani. Tulilazwa mara mbili. Mara ya pili daktari alitupa mashine ya mvuke ya kutumia nyumbani: unaweka dawa kwenye kikombe chake kidogo, unachomeka kwenye umeme, unamfunika mtoto pua na mdomo kwa kibarakoa, anavuta kwa robo saa, kifua kinafunguka. Daktari alisema kikimbana msingoje gari, mpeni palepale.

Baba aliishika ile mashine akaigeuza chini kusoma inakula kiasi gani. Jioni ile akaenda akaongeza jina lake kwenye karatasi ya Wanaokula, juu kabisa, kwa kalamu nyekundu. Wiki iliyofuata alileta betri ya pili na sola yake. Akaiweka mbali na ya kwanza, akaipaka mstari mweupe wa rangi na akaandika BOSI.

Akatuita wote sebuleni, hata mume wangu aliyekuwa amekuja siku mbili tu kutoka kazini kwake mbali.

"Hii haichomekwi kitu kingine. Simu, hapana. Redio, hapana. Hata nikifa mimi mkataka taa ya msiba, hapana. Tumeelewana?"

"Ukifa tutakulilia gizani," mama mkwe akasema. "Tumeelewana."

Umeme uliondoka mwezi wa tatu, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Tulidhani ni wa kawaida. Siku ya pili redio ikasema transfoma kubwa ya kituo kikuu imeungua yote, na ya kuibadilisha haipo, inatengenezwa kwa kuagizwa, itakuja kwa meli. Miezi mitano, sita. Mtangazaji alisema hivyo kama anayetaja joto la kesho.

Wiki ya kwanza mtaa ulikuwa kama sikukuu, watu nje, wanacheka. Wiki ya tatu kicheko kilikwisha. Jenereta zilizokuwa zinanguruma zikanyamaza moja moja, mafuta hayapatikani. Mshumaa mmoja wanakatiana vipande. Fundi cherehani akaja mlangoni kwetu ameshika simu yake kwa mikono miwili kama anayeleta yai.

"Mzee wangu," akasema. Ile "wangu" ilikuwa mpya.

Baba angeweza kumlipa maneno yake yote pale. Alimtazama tu, akasema, "Saa sita, jua likiwa utosini. Simu nne kwa siku, basi. Wewe ni wa kwanza."

Jioni tulikuwa na taa mbili ndogo, kwa betri ya nyumba. Betri ya Bosi ilikaa na mstari wake mweupe, imeshiba, haiguswi. Miezi miwili ya kwanza kifua cha mtoto kilibana mara moja tu, tena wiki ya pili. Mashine iliwaka kama vile umeme upo. Nilimtazama baba mkwe wangu siku ile nikasema moyoni, kumbe hizi Jumamosi zote alikuwa anatufundisha hiki.

Kazi aliyonipa mimi ilikuwa maji. Betri zinakunywa. Kila Ijumaa asubuhi nilifungua vifuniko sita vya kila betri, nikatazama kama maji yamefunika bati za ndani, na palipopungua nikaongeza vijiko vichache. Alinichagua, akasema, kwa sababu nina mkono uliotulia. Yeye alikuwa anafuata nyuma na bomba lake, anafyonza, anainua kwenye mwanga wa dirisha, anaandika kwenye daftari.

"Maji ya betri tu," aliniambia. "Yale ya chupa. Si mengine."

Nilimsikia vizuri. Sitaki kusema sikumsikia.

Ila ile chupa ilikuwa imebaki moja, madukani yamekwisha, na mimi kila nikiishika naiona ilivyo: kifuniko kina vumbi, karatasi yake imefutika, haijulikani nani aliijaza na wapi. Na jikoni nina maji ya mtoto. Nimeyachota mwenyewe, nimeyachemsha mpaka yakaruka, nimeyachuja kwa kitambaa cheupe, nimeyafunika. Hakuna maji ndani ya nyumba ile niliyoyaamini kuliko hayo. Nikakata shauri bila kumuuliza mtu. Ya chupa nikaipa betri ya nyumba, ya taa na simu za watu. Betri ya Bosi nikaipa maji ya Bosi.

Nilifanya hivyo Ijumaa tisa. Kila Ijumaa nikijisikia nimefanya jema.

Ijumaa ya tisa imepita, Jumanne yake mchana, fundi cherehani alikuwa anakung'uta pamba ya mto nje. Upepo ukaleta ile pamba barazani alipokuwa anatambaa mtoto. Nilimnyanyua, lakini nikasikia mluzi umeshaanza. Kufumba na kufumbua mbavu zikaanza kuingia ndani. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi.

Nilimkalisha mapajani, nikatia dawa, mama mkwe akachomeka. Mashine ikanguruma, mvuke ukatoka. Nikaanza kumwimbia. Sijafika mbali mngurumo ukashuka, ukawa kama wa mtu anayesinzia. Inveta ikapiga kelele, piii, ikazimika.

Ukasikika mluzi wa mtoto peke yake.

"Toa waya, peleka kwenye ile nyingine!" Baba alikuwa ameshainuka. Alipiga magoti kwenye betri ya mtoto akang'oa vibanio viwili, akavipeleka kwenye betri ya nyumba. Hapo ndipo nilipoona jambo. Ilikuwa saa nane mchana, dirisha wazi, jua limejaa chumbani. Mkono wake ukawa unapapasa juu ya ile betri kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

"Mama," akaniita mimi, "ncha nyekundu iko wapi?"

Ilikuwa mbele ya pua yake. Niliukamata mkono wake kwa mkono wangu uliobaki nikauweka pale. Kibanio kikauma. Mashine ikaamka.

Robo saa ile ilikuwa ndefu. Mvuke uliingia, mluzi ukapungua, mbavu zikatulia, na mwishowe Bosi akakikamata kibarakoa akakitupa. Mama mkwe akakaa chini sakafuni, palepale aliposimama.

Baba akasema, "Lete bomba."

Akafungua kifuniko cha kwanza cha betri ya mtoto, akafyonza, akainua kwenye mwanga. Akatazama. "Elfu moja mia mbili na sitini," akasema. "Imeshiba. Basi ni inveta."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Boya lilikuwa limezama chini kabisa, kwenye rangi nyekundu. Hata mtoto angeliona.

Niliwaza haraka vitu viwili. Nikisema boya limezama, atauliza kwa nini, na mimi najua kitu kimoja tu kilichobadilika kwenye betri hii, nacho nimekifanya mimi. Na nikisema, nitakuwa nimemwambia mzee wa watu, mbele ya mkewe, kwamba haoni. Nikinyamaza, ataibeba inveta kwa mafundi, betri itabaki na mstari wake mweupe, tutaiamini, na siku nyingine mtoto atabanwa labda wakati betri ya nyumba imeliwa yote na taa.

"Baba," nikasema. "Boya liko chini. Liko kwenye nyekundu."

Hakugeuka. Akaliinua tena bomba, akalisogeza karibu na jicho, akalisogeza mbali.

"Chini kiasi gani?"

"Limelala."

Tukapima vyumba vyote sita vya betri. Mimi nasoma, yeye anashika. Vyote vilikuwa na njaa, na betri haijafanya kazi miezi miwili, imekaa tu inalishwa na sola yake. Baba akauliza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa anauliza nayo watu kazini nadhani, "Ulikuwa unaweka maji gani, mama?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ile chupa yenye vumbi, na kitambaa cheupe, na Ijumaa tisa. Machozi yalikuwa yananitoka lakini nilimaliza.

"Uliyachemsha," akasema.

"Vizuri kabisa, baba."

"Kuchemsha kunaua vidudu. Betri haiogopi vidudu. Inaogopa chumvi na kutu ya mabomba, na hivyo havifi kwa moto. Vinabaki mle, vinaila kidogo kidogo hata ikiwa imepumzika." Nikangoja yale maneno ninayostahili. Badala yake akanyoosha mkono. "Nipe daftari."

Akalifungua, akanipa mimi. "Soma za wiki hizi."

Nikasoma. Elfu moja mia mbili na sitini. Wiki inayofuata, elfu moja mia mbili na sitini. Ukurasa mzima, betri zote mbili, namba ileile.

"Hakuna betri inayokaa na namba moja wiki tisa," akasema. "Hata maiti hubadilika. Kijana akiniletea ukurasa kama huu enzi zangu, namfukuza siku hiyohiyo." Alikuwa anapangusa bomba kwa shati lake, anapangusa mahali palepale. "Naona ukungu. Toka mwaka jana. Namba niliandika ninayoitaka."

Hapo mama mkwe akasema kutoka sakafuni, "Ukungu. Miezi minne anatia chumvi kwenye chai akidhani sukari, anainywa yote asionekane. Na mimi namtazama, nangoja aseme."

"Ulijua?"

"Nakunywa na wewe chai miaka arobaini, nisijue?" Akatugeukia wote wawili. "Mnafichana, mnafichana, na mwenye kulipia ni huyu asiyejua hata kusema." Bosi alikuwa anatafuna kibarakoa.

Alikuwa amesema kweli.

Siku ileile baba alifuta neno BOSI kwenye betri ile kwa mafuta ya taa, na mimi nikaliandika kwenye betri ya nyumba. Ndiyo ikawa ya mtoto. Taa za jioni zikaisha, tukawa tunakula jua halijazama. Betri iliyoharibika tulimwachia mama mkwe jikoni. Ikishinda juani inampa taa moja kwa saa moja hivi, kisha inakata tamaa. Na kuhusu simu, ikabidi baba akamwambie fundi cherehani kwamba hazitachajiwa tena. Nilikwenda naye, kwa sababu sasa tulikuwa tunakubali kwamba haoni vizuri ngazi za barazani.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Basi, mzee wangu," akasema. "Mwenyewe hata sikuwa na wa kumpigia. Nilikuwa napenda tu kuiona imejaa." Halafu akauliza kama ile pamba ilikuwa yake. Nikamwambia ndiyo. Toka siku hiyo anakung'utia mwisho wa mtaa.

Ikabaki shida ya maji. Chupa ilikuwa imekwisha, na betri ya mtoto ingeanza kukauka. Nilikuwa jikoni nachemsha maji ya Bosi, nikainua mfuniko wa kioo, na matone yakanidondokea mkononi. Nikayatazama. Mvuke umepanda juu, umeacha huko chini kila kitu kizito. Nikauchukua ule mfuniko mpaka sebuleni, nausawazisha kama trei.

"Baba, haya matone ya mfuniko. Yana chumvi?"

Akaweka kidole, akaweka ulimini. Kisha akaanza kucheka, nami sikuwahi kumwona akicheka hivyo, mabega yakipanda na kushuka.

"Mama, hayo ndiyo yenyewe. Kwenye kiwanda hawafanyi kingine."

Basi nikaweka bakuli la kioo katikati ya sufuria, mfuniko nikaugeuza juu chini, juu yake maji baridi, na matone yakawa yanashuka ndani ya bakuli. Moto wa asubuhi nzima unanipa glasi moja. Betri haihitaji zaidi.

Na Ijumaa zikabadilika. Mimi nachuchumaa, nafyonza, nainua kwenye dirisha, nasoma. Baba anakaa kwenye kigoda kando yangu amefumba macho, mikono juu ya magoti. Mwanzoni zile namba zilinitia hofu, nikazisoma moja moja kama mtoto wa darasa la pili. Yeye ananiambia maana yake. Hii inakaribia kushiba. Hii jana haikupata jua. Hii iangalie wiki ijayo. Mwandiko kwenye daftari sasa ni wangu, mkubwa, unaotoka nje ya mstari.

Ijumaa moja nilisoma nikasita.

"Nini?" akauliza.

"Elfu moja mia mbili arobaini. Ni ndogo kuliko ya wiki jana, baba."

"Umeiona vizuri?"

"Nimeiona."

"Basi andika ndogo."

Nikaandika.

Mashine iliwaka mara tatu zaidi kabla transfoma haijafika, na mara zote tatu ilifika mwisho wa dawa. Umeme ulirudi mwezi wa tisa, kwa bahati ilikuwa asubuhi ya Ijumaa. Mtaa mzima ulipiga kelele. Friji yetu ilitetemeka kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Fundi cherehani alipita nje anakimbia, "Mzee wangu, umerudi! Umerudi!" Mama mkwe alikuwa anawasha na kuzima taa ya jikoni, anawasha na kuzima, na Bosi juu ya kiuno chake anapiga makofi kila inapowaka.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa na bomba mkononi, sijui niinuke au vipi.

Baba hakufumbua macho. "Tumefika kifuniko cha ngapi?"

"Cha nne."

"Soma."